Nyuso Zilizorudi Bila Majina

Leo nimemtafuta marehemu ndani ya kompyuta.

Jana niliirudisha kompyuta ya ofisi katika hali iliyotoka nayo kiwandani, maana ilikuwa inakwamakwama. Picha za wakulima wetu wote wa miwa zikafutika.

Leo asubuhi fundi amezirudisha, ila bila majina. Nyuso tupu, mamia, zote zinanitazama.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Matungu. Kesho anamzika mumewe, na picha yake ya pekee ilikuwa kwetu.

Tukazipitia pamoja, moja moja.

"Si huyu, mwanangu. Huyu naye tulishamzika. Endelea."

Mwishowe akamwona. Akagusa kioo, akamsalimia kwa Kiluhya.

Kisha akanigeukia: "Asante kwa kunitunzia."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemfuta.

Ninyi mngemwambia?