Pikapu Iliyopimwa Mama Akiwa Ndani

Watu walimwita Bonge, na hakuwa akibisha. Kiti cha dereva kilikuwa shahidi tosha. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi vitambaa vipya. Mama yake alipovunjika nyonga na kushindwa kupanda pikapu, Bonge hakumuuliza mtu. Alichukua grenda, akakata springi za mbele, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Mama alipanda bila kubebwa. Akashuka analia.

Springi fupi hazikuwa na pa kujikunja. Kila shimo lilimgonga mama nyongani. Baada ya safari mbili za mazoezi ya kutembea, akagoma.

"Niache kitandani, mwanangu. Gari lako linanivunja upya."

Na mtaalamu wa mazoezi alishaonya: akikosa mwezi mmoja, mguu utakakamaa.

Ndipo Bonge akaenda gereji kwa Dada Spana, fundi wa kike mtu mzima mwenye ulimi wa wembe.

"Nani kakata hizi?"

"Mimi."

"Na makochi ya watu unakata kwa grenda?"

Bonge alitaka koilova, yaani shokapu iliyovikwa springi, yenye pete ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke. Macho yalimtoka kwenye nyekundu, za mashindano.

"Hizo ngumu ni za wanaokimbizana," Dada Spana akamkatiza. "Wewe unabeba nyonga. Chukua hizi za kijivu, springi yake laini."

Siku ya kufunga Dada Spana alizungusha pete sawasawa, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Hakuna tofauti. Bonge akanyoosha mkono apewe funguo.

"Unakwenda wapi? Gari tupu ndilo linalokwenda mazoezini? Mama aje."

Mkewe Bonge akamleta mama kwa teksi, mama kanuna. Mama na mwana wakaketi ndani, gari likasukumwa mbele na nyuma springi zitulie, likapimwa tena. Upande wa Bonge ulikuwa umezama vidole viwili.

"Mama, mwanao ni mzigo."

"Unaniambia mimi? Nilimbeba miezi tisa!"

Wakashuka, gari likainuliwa kwa jeki, pete ya upande wa Bonge ikapandishwa. Wakapanda tena. Mara tatu hivyo, na Dada Spana hakulalamika hata mara moja, ajabu kwa mtu kama yeye.

Njiani kurudi nyumbani Bonge aliona shimo kubwa kwenye kona, akauma meno. Gari likainama, likainuka.

"Mama, umeumia?"

Akageuka. Mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi.

Wiki sita baadaye pikapu ilisimama nje ya gereji. Bonge alishuka na mto mpya wa benchi la wateja la pale gereji, lililochomoza misumari. Mama akamkataza kumshika, akaingia kwa fimbo yake, hatua kwa hatua.

"Nimekuja kukushukuru kwa miguu yangu, binti yangu."

Dada Spana akajifuta grisi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Karibu, mama. Na mzigo wako umepungua?"

"Wapi! Umeongezeka. Lete spana."