Swali Lililonifunga Mdomo Wodini

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, hapa Mbeya, na nakusimulia kwa sababu Jumatatu unaingia chumba cha upasuaji. Wewe watakutoboa matundu madogo na kupitisha kamera. Mimi nilipasuliwa hasa, kidole tumbo.

Baada ya kisu njaa iliniuma, lakini uji nilinyimwa. Kila asubuhi nesi aliuliza bila haya, "Mama, umejamba?" Nilishangaa! Nikamuuliza anaitakia nini habari hiyo. Akanieleza kwamba matumbo yakishikwashikwa hulala, na hewa ikitoka ndipo hujulikana yameamka.

Asubuhi hiyo hewa ilikuwa imeshatoka. Tatizo, baba mkwe alikuwa amefika kutoka Tukuyu, amekaa nje chini ya dirisha langu. Na kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Nesi akauliza. Nikavuta shuka usoni. Akauliza tena, nikajifunika zaidi.

"Basi namwita daktari," akasema. "Matumbo yakigoma, huenda ukapasuliwa tena."

Niliogopa sana, lakini aibu ilinizidi. Ndipo sauti ikatoka dirishani, ikimwambia mama mkwe aliyekaa kando yangu:

"Mwambie mkamwana, mimi nilipopasuliwa ngiri nilijamba wodi nzima ikasikia, nikapewa uji. Aseme! Sikutoa ng'ombe ili afe kwa haya."

"Alfajiri," nikajibu ndani ya shuka. "Mara mbili."

Wodi nzima ilicheka. Nami nikacheka, mshono ukaniuma, mama mkwe akanikandamizia mto tumboni. Mzee yule alifariki hatujaonana uso kwa uso. Sikuwahi kusikia neno lake jingine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikatazwa kula kabla ya upasuaji, usiibe hata ndizi. Ukiamka bega linauma, usishtuke. Wanasema ni hewa wanayojaza tumboni. Imefikaje begani? Ukirudi unieleze. Ukikohoa, shika mto. Wakikuruhusu kuinuka, tembea polepole. Ukiona homa au usaha, au tumbo likizidi kuuma, sema upesi. Na ukiulizwa swali lile, jibu, hata mkweo akiwa mlangoni.

Mungu aiongoze mikono ya daktari, akuamshe salama wewe na matumbo yako. Uji nitaupika mimi.