Fungu la Shangazi Zuhura

Mkwaruzo wa bati juu ya mawe nausikia hadi leo. Ndiyo sauti ya Idi ya kuchinja nyumbani kwetu Maskati: ami zangu wanaliburuta kufunika shimo la shuwa, wanamwaga mchanga juu, na nyama inabaki chini na makaa mpaka kesho yake. Kila mtoto wa Babu alikuwa na fungu lake, limefungwa kwa makuti na uzi wa rangi yake. Uzi wa Shangazi Zuhura ulikuwa wa kijani.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, uzi wa kijani haukuwepo. Shangazi alikuwa ameolewa na mtu ambaye Babu hakumtaka, na Babu akasema asialikwe.

Hofu yangu ilitoka kwa Ba Hansa, bibi jirani yetu, Mhindi aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Huku akichambua mchele, alinisimulia hadithi ya dini yao: mzee mmoja aliandaa kafara kubwa ya moto, akawagawia miungu wote mafungu yao, akamruka mkwe wake tu, mume wa bintiye. Binti akaenda hivyo hivyo, bila mwaliko. Babake akamtukana mumewe mbele za watu, na binti akajitia motoni. Mume akalipa kisasi: akaivunja karamu, akamkata mzee kichwa. Baadaye alimrudishia uhai, lakini kwa kichwa cha mbuzi.

"Ba, mbona alikwenda na hakualikwa?"

"Kwao, mwanangu. Nani hungoja kualikwa kwa babake?"

Basi nikashinda kando ya shimo na ndoo ya maji, nikimngoja Shangazi asije akaungua. Kila Babu akipita nilikitazama kichwa chake, na zile ndevu, nikamwonea huruma.

"We Salma, nna nini leo usoni?"

"Huna kitu, Babu. Bado."

Shangazi hakuja. Nilifurahi, wallahi, maji yangu nikaumwagia mrehani.

Miaka ikapita, Babu akalala kitandani, akawa anamwita Zuhura. Simu zikapigwa. Hakuja, hata matangani hakuja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile niliyofurahi ndiyo aliyoungua.

Idi hii, ami zangu walipokwenda kulichukua bati, nilibaki na mafungu peke yangu. Siku hizi nasi wajukuu tuna mafungu; nilikata nusu ya langu, nikaifunga kwa uzi wa kijani, nikaiweka katikati ya wenzake.