Glasi ya Mtunza Stoo

Mtunza stoo wa karakana yetu ya samani hukata kucha kila asubuhi, kisha hukunja vitambaa safi polepole, kama anayekunja nguo za mtoto mchanga. Sauti yake ni ya kugomba hata akisalimia. Juzi msumeno ulimpasua seremala mkono. Mtunza stoo alimlaza chali, akampandisha miguu juu ya mbao, akamfunika kwa koti lake na kukandamiza jeraha. Damu ilipopenya, aliongeza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza. “Usifunue kuchungulia, hii si sufuria,” alimwambia fundi rangi. Seremala, midomo imempauka, aliomba maji, na fundi rangi akaleta glasi.

“Hapana,” mtunza stoo aligomba. “Huenda akapasuliwa hospitali; asinywe kitu.”

“Shemeji, kiu itaniua.”

“Kiu haiui kwa mchana mmoja. Nitukane, nijue uko macho.”

Akamtukana, kwa adabu, mpaka gari likaja kumchukua. Glasi ile ilishinda mezani kwa mtunza stoo, naye koo limemkauka kwa kugomba, asiiguse. Jioni simu ikalia: ameshonwa, ameruhusiwa kunywa. Ndipo akaiinua, akanywa yote bila kupumua.