Patruus Si Avunculus

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kilatini, pale Moba kando ya ziwa, prefe, yaani mkuu wa shule, alinisindikiza hadi mlangoni mwa darasa. "Mwalimu," akasema, "Kiswahili kinabakia inje. Huku tunatafsiri mu Kifaransa tu."

Nikatii, nikaumia. Kilatini kina patruus, ndugu wa baba, na avunculus, ndugu wa mama. Kifaransa kina oncle basi, kapu moja la samaki wote. Watoto wa ziwani, wanaomjua baba mdogo na mjomba tangu wakinyonya, nikawafundisha kutowajua!

Nilipohamishiwa Kalemie, Furaha, binti wa darasa la tano la sekondari, alikutana na sentensi hii katika mtihani wa mwisho wa mwaka: Patruus puerum avunculo eripuit. Akajibu: "Baba mudogo alinyanganya muyomba mutoto." Mkaguzi akampa sifuri kwa kuandika Kiswahili. Sifuri ile ingemrudisha darasa, na kwao walishasema: akirudia, masomo yameisha.

Nikamfuata mkaguzi ofisini, alipokaa na karani wake.

"Bwana mkaguzi, jibu sahihi njo gani?"

"Oncle alinyanganya oncle mutoto."

"Oncle gani?"

"Oncle!"

"Alimunyanganya oncle gani?"

"Ule mwingine! Papa, unanichokesha."

"Ao alijinyanganya yeye mwenyewe?"

Karani akaficha uso nyuma ya rejista, mabega yakimtikisika. "Bwana mkaguzi, kwetu ukisema vile, ndugu watapigana."

"Wewe, nani amekuuliza?"

Lakini alifuta sifuri, kwa hasira, hadi karatasi ikatoboka. Furaha akapanda la sita. Mimi nikapata barua ya utovu wa nidhamu, na cheo changu kikabaki palepale mpaka mwisho.

Sasa nimestaafu, nanyi vijana mmeumaliza ukoo wote kwa neno moja: tonton, awe wa baba, awe wa mama. Jumapili iliyopita mjukuu, mtoto wa binti yangu, aliita kutoka uani: "Babu, tonton amefika!" Nikadhani ni ndugu wa baba yake, mkwe wa kuheshimiwa. Nikanawa uso mbiombio, nikavaa koti na viatu, nikaamuru kiti kizuri kitolewe nje.

Alikuwa mwanangu mwenyewe, na kaptula yake, kabeba ndizi. Akanitazama juu hadi chini.

"Papa, unaenda ku kilio cha nani?"