Ulimi Mbele ya Mwalimu

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mwalimu wa Kiingereza alituambia tutoe ulimi.

Hatukutoa. Wasichana darasa zima, tumetoka kulima shamba la shule, matope bado miguuni, tukakaza midomo. Kwetu Kigwa ukimtolea mtu mzima ulimi unachapwa, na huyu alikuwa rika la baba yangu. Yeye akadhani hatujaelewa. Akaeleza tena kwamba ili kutamka th ya Kiingereza ncha ya ulimi ikae kati ya meno, pumzi ipite juu yake, na kwamba leo anatoa alama za kuzungumza; atakayenyamaza atapata sifuri. Mimi tangu muhula uanze nilikuwa sijafungua mdomo kwenye kipindi chake.

Jirani yangu wa dawati, binti wa fundi cherehani wa mjini, sauti hiyo alikuwa nayo tangu madrasa. Akaninong'oneza, "Shoga, sema kama unasema thawabu." Nikamwambia kwetu tunasema sawabu. Akacheka mpaka akainama chini ya dawati.

Mwalimu akauliza kuna nini. Mwenzangu, hana aibu yule, akasimama.

"Mwalimu, wanakuheshimu. Hawawezi kukutolea ulimi."

Mwalimu akageuka, akatuelekezea mgongo, akashika chaki. Akasema kila mmoja amshukuru kwa Kiingereza, naye ataandika kwa herufi za matamshi kile tu anachokisikia.

Zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ndogo. Akaandika s. Nikarudia. Akaandika s nyingine pembeni yake. Nikafumba macho, nikatoa ulimi kupita hata ilivyotakiwa, nikapuliza.

Chaki ikalia. Nilipofumbua macho, ubaoni palikuwa na ile herufi ya th, iliyo kama yai lililofungwa mkanda. Sauti yangu hiyo, imeandikwa, kila mtu anaiona. Mbele ya neno akachora mshale unaopanda juu, kama sauti yangu ilivyopanda mwishoni.

"Sasa binti, unanishukuru au unaniuliza?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikiwemo, kwa sauti, sikujali. Sifuri sikupata.

Kesho yake asubuhi, kabla ya uji, nilimsubiri nje ya ofisi ya walimu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamtazama usoni, nikatoa ulimi, nikamshukuru kwa Kiingereza. Kisha nikabeba jembe langu nikakimbilia shambani kabla hajanijibu.