Turufu Niliyomfichia Mjomba

Ujinga wangu nausema mapema: nilimhurumia mjomba wangu kwenye karata, tena kwa kuiba, tena kwa kuiba vibaya.

Mjomba alitujia Muscat kutoka Bujumbura katikati ya miaka ya tisini, baada ya mkewe kufariki. Alikuja na sanduku moja na karata za Kifaransa, ndefu kuliko kiganja changu. Ndani yake mna turufu ishirini na moja zenye picha na nambari. Hizo si kopa wala shupaza. Kazi yao ni kuzila nyingine tu. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari nikaishia hapo, na safari yangu ndefu ilikuwa kutoka sebuleni hadi jikoni, kwa hiyo nilimfaa sana. Mama akawa wa tatu. Wa nne ni jirani yetu wa ukuta mmoja hapo Khuwair ya Kusini, bibi wa Kiunguja asiyejua kunyamaza.

Vita vya kwanza vilikuwa vya majina. Mjomba alisema "atu".

"Atu kitu gani?" jirani akamuuliza. "Sema turufu, kaka, kama watu."

"Lakini Wafaransa wenyewe..."

"Wafaransa wako wapi hapa? Gawa karata."

Ikawa turufu. Ile ya mchekeshaji, unayoitupa ukiwa hutaki kulipa kitu kisha unairudisha kwako, tukaiita Samahani. Nambari moja, aliyoiita Peti, tukaiita Mdogo. Ishirini na Moja ilibaki na jina lake, maana haina wa kuila. Mdogo ndiye aliyetukosesha raha: thamani yake ni sawa na ya Ishirini na Moja, ila turufu yoyote inamla. Mjomba alimlinda kama mtoto mwenye homa, akihesabu kichwani turufu zilizokwisha kutoka, na akimpitisha salama hupiga paja, "Mdogo kafika!" hadi mama anamwambia watu watadhani tunacheza kamari.

Miaka ikaenda, mjomba akaanza kusahau. Alikwenda Hamriya kutengeneza saa yake, akarudishwa na dereva wa teksi, na saa hana. Akawa anamwita mama kwa jina la marehemu mkewe. Lakini turufu hakukosea hata moja. "Maadam anazihesabu," mama alikuwa akiniambia jikoni, "bado tunaye."

Basi alasiri moja jirani alianza na kopa. Mjomba hakuwa na kopa. Akamtoa Mdogo, taratibu, huku anatutazama kwa furaha. Alidhani Ishirini na Moja nayo imeshatoka kama turufu nyingine zote. Haikutoka. Nilikuwa nayo mimi, na kopa sina, na sheria inanilazimisha kumla. Nilimwona mama amekaza macho kwenye karata zake, hajui lolote. Nikatupa pao.

"Mdogo kafika!"

Elimu yangu yote ya sekondari haikunikumbusha kwamba karata haiyeyuki mkononi. Mchezo ulipofika mwisho nilibaki na moja tu, ikabidi niiweke mezani. Ishirini na Moja.

Mjomba aliitazama sana. "Hii ilikuwa wapi?"

"Nilisahau kama nnayo, mjomba."

"Humu ndani anayesahau ni mimi."

Hakugomba. Alizikusanya zote, akazifunga kwa mpira, akaenda chumbani kwake. Tangu hapo, kila tukimwita, kichwa kinamuuma. Niliapa mlangoni pake kwamba nitamla Mdogo bila huruma. Akatabasamu, akanigeuzia mgongo. Karata zikakaa juu ya friji. Siku moja nilimpelekea Mdogo mkononi, akaniuliza hiyo ni picha ya nani. Mwezi wa Ramadhani uliofuata haukumkuta.

Siku ya tatu ya azaa, matanga yake, wageni walipoondoka, jirani alinikuta jikoni naosha vikombe vya kahawa, machozi yananitoka. Nikamwambia siku ile sikukusudia ubaya, nilikuwa namtendea wema tu. Alichukua kikombe, akakifuta kwa upindo wa kanga yake, akakiweka.

"Wema gani huo, mwanangu? Ungemla tu. Angekutukana, na kesho angerudi kucheza."